Meza ya Karata ya Familia: Mbao Zipo, Msituni Hatuendi

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unashika msumeno. Tunataka tutengeneze meza ya kuchezea karata, ya mbao, ya watu wanne, inayokunjwa na kuegeshwa ukutani usiku ukifika. Tunajua wapo watakaoguna wakisoma neno karata. Karata kambini zina sifa mbaya, na sifa hiyo hazikuipata bure. Lakini msiliweke gazeti chini kwanza.

Tuanze na jioni yenyewe. Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 hapa wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, kwa ajili ya watu waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita ya Kivu ya Kusini. Mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi wakaongezeka. Kuna watoto waliozaliwa hapa ambao leo nao ni baba na mama. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke kambini, kwa hiyo kijana aliyemaliza shule hana njia rahisi ya kwenda kutafuta kibarua. Mchana unapita kwa kuchota maji na kupanga foleni. Jioni ndiyo ndefu. Mkishakula, saa moja giza limeshaingia, kijana anasimama mlangoni anasema, "Natoka kidogo, mama." Basi unajua amekwenda kwenye karata.

Na huko zinachezwa juu ya nini? Juu ya dumu la maji lililopinduliwa. Au boksi limekatwa, limelazwa kwenye magoti ya watu wanne, mmoja akikohoa karata zote zinamwagika. Wengine wamesimama wamezunguka. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuchuchumaa hapo. Msichana akisimama kutazama kidogo tu, kesho atasemwa. Wanabaki vijana wa kiume peke yao, mbali na nyumbani, na hapo ndipo pesa inapoingia. Inaanza na shilingi mia, ya kunogesha mchezo tu. Halafu kipande cha sabuni. Halafu kikombe cha unga.

Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza posho katika kambi za hapa Tanzania kwa kukosa fedha za wafadhili. Nyumba ambayo posho haifiki mwisho wa mwezi haina kikombe cha unga cha kupoteza. Tumezungumza na mama mmoja mwenye watoto watano, ambaye mwanawe mkubwa alitoka na chupa ya mafuta ya kula ya nyumba nzima akarudi mikono mitupu. Majirani walimshauri mama huyo azichome karata. Yeye akafanya jambo jingine. Alimwambia mwanawe, "Leta hao wenzako wachezee hapa, nikiwaona." Kijana akajibu, "Hapa wapi, mama? Tuchezee juu ya nini?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala hii. Fundi jirani alimwonyesha kijana, kijana akakata na kupigilia mwenyewe, na meza ipo mpaka leo. Sisi tulikwenda kuipima, tukakaa na mafundi wengine wawili, na haya ndiyo tuliyoyakusanya.

MBAO ZITOKE WAPI

Hili ndilo jambo la kwanza, tena ni kubwa kuliko nyundo na misumari. Meza ya karata haifai kumpeleka mtu msituni. Ugomvi wetu na wenyeji wa vijiji jirani, mara nyingi chanzo chake ni miti. Mninga, ambao kila seremala anautamani, huvunwi bila kibali. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 haina mchezo na mtu anayekamatwa na gogo. Na wanawake na wasichana wanajua zaidi yetu kinachoweza kumkuta mtu njiani huko kwenye kuni. Kwa hiyo mtoto akisema, "Papa, nitakwenda kukata miti miwili tu ya miguu," mjibuni hapana. Meza tunayoisema hapa inatoka katika mbao ambazo tayari zilishakuwa kitu kingine.

Kitanda kilichovunjika kina miguu mizuri sana ya meza, kwa sababu mbao zake zimeshakauka miaka mingi na hazitapinda tena. Mlango wa zamani, fremu ya dirisha, benchi lililokufa mguu mmoja, vyote hivi ni mbao. Mabanzi ya mashine ya kupasua mbao huuzwa kwa bei ndogo kama kuni. Ukiyachagua vizuri unapata vipande vilivyonyooka. Halafu kuna paleti, zile chaga za mbao zinazobeba mizigo kwenye maghala. Zikichakaa huachwa au huuzwa. Ombeni kwa mwenye nazo, msijichukulie, maana ubao mmoja usiwapeleke polisi.

Paleti ina siri moja ambayo wengi hatukuijua. Tangu mwaka 2002 kuna kanuni ya kimataifa ya kuua wadudu katika mbao zinazosafirisha mizigo kutoka nchi hadi nchi. Paleti iliyofuata kanuni hiyo inapigwa muhuri wa moto wenye picha ya suke la ngano. Karibu na picha hiyo tafuta herufi. Ukikuta HT, ubao ulitiwa joto tu, hauna neno. Ukikuta MB, ulifukizwa kwa gesi ya sumu iitwayo methyl bromide. Huo uacheni. Msiutengenezee meza watakayoegemea watoto, wala msiupeleke jikoni kama kuni. Hali kadhalika vipande vya nguzo za umeme au za simu, vyeusi vyenye harufu ya lami: vimenyweshwa dawa kali. Na ubao wowote wenye doa la mafuta au la dawa ya shambani usiujaribu, hata kama umenyooka kama rula.

Kuifungua paleti kunahitaji subira. Misumari yake mingi imesokotwa kama parafujo, ukiivuta kwa nguvu ubao unapasuka katikati. Fundi mmoja alituonyesha njia yake: anaingiza kabari kidogo kati ya ubao na mhimili, kisha anapitisha msumeno wa chuma na kuukata msumari humo humo ndani. Kichwa cha msumari kinabaki kwenye ubao kama kifungo cha shati. Hakuna ubaya, kwa sababu juu tutafunika kitambaa. Misumari mingine itakayotoka mizima msiitupe. Inyoosheni juu ya jiwe, kazi hiyo watoto wanaipenda, ila wachunge vidole.

VIPIMO, NA SABABU YAKE

Uso wa meza uwe mraba wa sentimita 80 kwa 80. Kipimo hiki kina sababu zake. Karata ya kawaida ni karibu sentimita 9 kwa 6. Watu wanne wakikaa kila upande mmoja, kila mtu anaifikia katikati bila kuinuka, na bado pembeni pake panabaki nafasi ya kuweka karata alizokula. Meza ikiwa ndogo zaidi jirani anakuchungulia mkononi, ndipo ugomvi unapoanza. Ikiwa kubwa zaidi haipiti mlangoni kwetu.

Urefu kwenda juu unategemea mnakalia nini. Mafundi wanasema kati ya kiti na uso wa meza pawe na sentimita 28 mpaka 30. Wengi wetu tuna vigoda na viti vifupi vya kama sentimita 32, kwa hiyo meza iwe ya 60. Wenye viti vya kawaida vya sentimita 44 au 45, meza iwe ya 72 au zaidi kidogo. Pimeni kiti kwanza! Tumeona meza nzuri kabisa ambayo wachezaji wake wanainua mabega kama watu wanaojificha mvua, kwa sababu fundi alinakili kipimo cha meza ya ofisini.

Sasa miguu. Nyumba zetu ni za chumba kimoja au viwili, na mahali pa meza saa mbili ndipo mahali pa godoro saa nne. Kwa hiyo miguu minne ya kusimama moja kwa moja haitufai sana. Tunashauri miguu ya mkasi, yaani inayopishana kama herufi X, inayofunguka na kufungika, na uso wa meza unakaa juu tu bila kupigiliwa. Ukimaliza mchezo unainua uso, unaufunga mkasi, vyote viwili vinaegama ukutani na havizidi unene wa viganja viwili.

KUJENGA

Katika miguu tafuta vipande vinne vya upana wa sentimita 5 na unene wa 3 hivi. Kwa meza ya 60, kila mguu uwe na sentimita 85. Mkasi ukifunguka mpaka nyayo ziachane sentimita 60 chini, juu nako unapata 60. Kwa meza ya 72, kata miguu ya sentimita 94. Nyayo zikiachana 60 kama kawaida, urefu unafika 72. Watoto wa sekondari watawaeleza kwa nini, ni ile kanuni ya pembetatu waliyofundishwa darasani, na mara moja moja ni vizuri waone kwamba ilikuwa na kazi.

Miguu miwili inaunganishwa iwe fremu ya nje, yenye upana wa sentimita 60. Miwili mingine inakuwa fremu ya ndani, nayo lazima iwe nyembamba kidogo ili izunguke ndani ya ile ya nje. Kama mbao zenu zina unene wa 3, fremu ya ndani iwe na sentimita 53 kutoka ukingo hadi ukingo. Inabaki nusu sentimita kila upande ya kuweka washa. Kila fremu ina mbao mbili za kukingama: moja karibu kabisa na ncha ya juu, nyingine sentimita 10 kutoka chini.

Hapa kwenye mbao za kukingama ndipo meza inapofia au inapopona. Ukizipigilia msumari mmoja mmoja, baada ya wiki mbili fremu itayumba kama mlevi. Njia nzuri ni ulimi na tundu: chonga ncha ya ubao wa kukingama iwe ulimi mwembamba, toboa kwa patasi tundu la kiasi hicho hicho kwenye mguu, ingiza, kisha choma kijiti cha mwanzi mkavu kupita vyote viwili. Hapo gundi si lazima. Nyumba isiyo na patasi ipige misumari miwili ya inchi 3 kila kiungo, isikae mstari mmoja, halafu iongeze ubao mmoja wa mshazari kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya fremu. Mshazari huo ni mtu wa tano mezani, msiusahau. Ila kwenye fremu ya nje upigwe upande usiogusana na fremu ya ndani, la sivyo mkasi hautafunga.

Mbao ngumu hupasuka msumari unapoingia karibu na ncha. Dawa yake inashangaza: ugeuze msumari, uweke kichwa juu ya jiwe, ugonge ncha yake kidogo iwe butu. Ncha kali inapenya kama kabari na kutenganisha nyuzi za mbao. Ncha butu inazivunja na kujifanyia njia. Ukipaka sabuni kidogo unaingia laini zaidi.

Kabla ya kukaza, hakikisha fremu ni mraba. Hata kama hamna kipimo cha pembe, chukua kamba, pima kutoka kona hadi kona ya mshazari, halafu pima kona zile nyingine mbili. Kamba ikilingana, pembe ziko sawa. Isipolingana, sukuma fremu kwenye ile kona ndefu mpaka ilingane. Kwa uso wa meza wa 80 kwa 80 mshazari ni sentimita 113.

Katikati ya kila mguu, yaani sentimita 42 na nusu kutoka ncha kama mguu ni wa 85, toboa tundu la kupitisha bolti. Wasio na keekee wametoboa kwa chuma chenye moto mwekundu, polepole, wakizungusha. Na bolti ikikosekana dukani au bei ikawa kubwa, nenda kwa fundi baiskeli uulize ekseli kuukuu za gurudumu la mbele. Ekseli ni chuma kigumu, ina nati zake pande zote mbili, na urefu wake unatosha miguu miwili iliyolala pamoja. Tulipoiona kwa mara ya kwanza tulicheka, lakini meza ile haijalegea. Weka washa katikati ya miguu miwili ili mbao zisisuguane, kisha kaza nati, lakini isizidi mpaka mkasi ukagoma.

Simamisha mkasi ukiwa wazi mahali pa usawa. Utaona miguu inasimama kwa kona tu. Lalisha kipande cha ubao chini kando ya kila mguu, chora mstari kwa penseli, ukate hapo. Sasa nyayo zitakaa bapa. Funga kamba imara kutoka ubao wa kukingama wa chini hadi mwenzake, ikaze pale nyayo zinapoachana sentimita 60. Kamba hiyo inazuia mkasi kulala chini mtu akiegemea.

Uso wa meza ni kazi nyepesi. Mbao nane za urefu wa 80 na upana wa 10 zinatosha; mbao za paleti nyingi zinakaribia upana huo. Zipange upande kwa upande, acha kati yake nafasi ya unene wa msumari, kwa sababu mvua za masika zikija mbao zitavimba na zikikosa nafasi zitainuka katikati kama mgongo wa kobe. Zishikilieni kwa vibao vitatu vinavyopita chini yake kwa kukingama: kimoja katikati, viwili pembeni. Hivi viwili vya pembeni visipigiliwe kwa kukisia. Fungua mkasi, pachika uso juu yake, ingia chini na penseli, weka alama pale mbao za juu za mkasi zinapogusa. Vibao vipigwe nje tu ya alama hizo, ili mkasi ukitaka kujitanua uvikute vimeukinga. Ukiinua uso, meza inafunguka; ukiurudisha, umeufunga. Hakuna bawaba wala kufuli.

Zungushieni ukingo mwembamba unaozidi uso kwa sentimita moja. Tunachezea nje mara nyingi, na upepo wa Kasulu wakati wa kiangazi haubishi hodi. Ukingo unazuia karata kuteleza, na mtoto akigonga meza hazimwagiki.

JUU TUPAKE NINI

Tupite haraka. Msasa kwanza, pande zote anazoweza kugusa mtoto. Msipake mawese wala mafuta ya kupikia, hata kama mbao zinang'aa vizuri siku ya kwanza. Mafuta hayo hayakauki, yanachacha, yanaita sisimizi, na karata zinaota madoa. Oili chafu ya gari ndiyo mbaya zaidi, ina harufu na inachafua ngozi. Nta ya nyuki inafaa. Pasha moto kidogo, paka kwa kitambaa, sugua mpaka ikauke mkononi.

Uso wenyewe ufunikwe kitambaa kizito. Blanketi lililochanika ambalo halifunikiki tena ni zuri kuliko yote: livute, likunje chini, ligongee vimisumari vidogo upande wa chini. Kwa nini kitambaa? Karata ikilala juu ya ubao laini inaganda, ukucha hauingii chini yake, basi watu wanalamba vidole ili kuiokota. Karata moja inapita kwenye mate ya watu wanne mpaka sita jioni moja, na wakati wa mafua au kuhara hilo si jambo dogo. Juu ya blanketi karata inabonyea kidogo, unaiokota kwa kidole kikavu. Turubai, ile tunayoita shitingi, haifai. Joto likiwa kali inanata.

Na kwa kuwa uso hautapigiliwa, upande wa pili wenye vibao unaweza kuachwa, au wenye mbao za ziada watengeneze uso wa pili mdogo wa kuchorea drafti. Miraba 64, kila mmoja sentimita 6, jumla 48 kwa 48. Kete ni vifuniko vya soda, upande mmoja vimegeuzwa.

MEZANI SASA

Meza ya mama yule ilipokaa, ugomvi wa kwanza haukuhusu pesa. Ulihusu majina. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tulifundishwa karata kwa Kifaransa, maana Wabelgiji walitawala Kongo mpaka 1960 na Burundi mpaka 1962: pique, cœur, carreau, trèfle. Jirani Mtanzania au kijana aliyesoma vitabu vya hapa anasema shupaza, kopa, uru, pau. Mmoja akisema turufu ni pau, mwingine anatupa carreau, kelele zinaanza. Basi tujifunze: pique ni shupaza, cœur ni kopa, carreau ni uru, trèfle ni pau.

Majina haya ya Kiswahili ni ya Wareno. Walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakanyang'anywa Fort Jesus ya Mombasa na Waarabu wa Oman mwaka 1698. Ngome waliiacha, na maneno nayo wakayaacha. Kwa Kireno karata ni carta, turufu ni trunfo, kopa ni copas, shupaza ni espadas. Hata neno meza, tunalolitumia kila siku bila kufikiri, ni mesa ya Wareno. Kwa hiyo ukisema meza ya karata umesema Kireno kitupu, isipokuwa ile "ya".

Katika michezo ya turufu ya ukoo huo wa Wareno, kuna hesabu nzuri kwa watoto. Ree, yaani moja, ina pointi 11. Saba ina 10. Mfalme, ambaye kwa jina la zamani la pwani ni mzungu wa nne, ana 4. Kijana, mzungu wa tatu, ana 3. Malkia, mzungu wa pili, ana 2. Aina moja ni pointi 30, aina nne ni 120. Mkicheza wawili wawili, upande uliofika 61 umeshinda. Mtoto wa darasa la tatu akiachiwa kazi ya kuhesabu karata zilizoliwa, baada ya mwezi anajumlisha kwa kichwa kuliko kwa vidole. Bibi naye anapata mwenza, na ni kawaida bibi kuwashinda, kwa sababu anakumbuka kila karata iliyopita.

Kuhusu kamari, nyumba tulizozitembelea zina utaratibu unaofanana. Hakuna pesa, hakuna kitu cha posho, hata punje. Familia moja ilianza kwa kuhesabia maharage, mama akakataa: maharage si ya kuchezea, na yakianguka chini hayarudi yote sufuriani. Wakahamia vifuniko vya soda, kila mtu kumi, na usiku vyote vinarudi kwenye kopo. Aliyefilisika anaosha vyombo vya chai. Mgeni anakaribishwa, lakini akitoa shilingi mfukoni, baba wa nyumba anafunga mkasi, na kila mtu anaelewa. Watoto wanalala saa tatu, mchezo ukiwa umeisha au haujaisha.

Wapo wasomaji walioandika kwamba karata ni karata tu, ukiziingiza nyumbani umemkaribisha nyoka. Tunaheshimu maoni yao, na nyumba isiyozitaka isilazimishwe. Meza hii hii inafaa kwa drafti na kwa kazi za shule. Ila sisi tunaona kijana anayechezea mbele ya mama yake na bibi yake ana mambo ambayo hatathubutu kuyafanya, na akishindwa anashindwa vifuniko. Yule mwenye chupa ya mafuta? Bado anatoka jioni nyingine, hatutadanganya. Siku nyingine anabaki, na wenzake watatu wanakuja kwao.

Neno la mwisho ni la karata zenyewe, maana pakiti ni ghali na karata moja ikipotea watu hutupa zote. Msizitupe. Ndani ya pakiti kuna jokari mbili ambazo katika mchezo wa turufu hazina kazi. Chukueni moja, andikeni juu yake kwa kalamu ya wino jina la ile iliyopotea, kwa mfano mzungu wa nne wa kopa, na mgongo wake utakuwa sawasawa na zingine. Ikipotea ya pili, bado mna jokari moja.